Jini Alilolitaja Vaileth

Jumatatu mchana, Vaileth akiwa uani anachambua mchele, alisikia mtu anaimba chumbani kwake. Sauti nyororo, kama ya Bernadeta wa kwaya. Akaingia. Hamna mtu. Godoro tu limebonyea, kama aliyelikalia ndiyo kwanza ainuke, na harufu ya nywele zilizoungua.

Pale kanisani kwao Boko, Vaileth ndiye aliyekuwa na karama ya kupambanua roho. Akimkaribia mtu mwenye pepo, mwili ulimsisimka. Hakuwahi kukosea, mpaka jana yake.

Jana yake, Mchungaji Lusungu alimsimamisha Bernadeta mbele ya kanisa ili amkabidhi uongozi wa maombi ya akina mama, nafasi aliyoishika Vaileth kwa miaka.

"Dada Vaileth, Roho anakuambia nini juu ya binti huyu?"

Roho hakumwambia kitu. Mwili ulitulia tuli. Lakini wivu ulikuwa umemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na maneno yakamtoka: "Ana jini. Analo tangu utotoni."

Wakamwangusha Bernadeta sakafuni, wakamkemea mpaka sauti ikamkauka. Sebastian, mchumba wake, alitoka nje bila kugeuka. Jioni ndugu wa Sebastian wakatuma ujumbe: harusi haipo.

Na sasa nyumbani kwa Vaileth kulikuwa kunaimbwa. Fransis, mumewe, aliweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Mke wangu, nani anaimba humo ndani?"

"Redio ya jirani."

"Redio gani inataja jina lako?"

Alhamisi, jua likiwaka mpaka bati linalia, Vaileth alifungua kabati atoe kitenge, na ile harufu ikamjaa usoni, ikamshuka kifuani, na nyuma ya nguo zilizotundikwa akasikia pumzi inapanda na kushuka pamoja na yake, akiizuia yake nayo inazuiwa, akiiachia nayo inaachiwa, hadi asijue tena ipi ya nani. Kisha sauti ikasema, kwa upole:

"Ulisema nipo. Nikaenda kwa yule binti, nikakuta kumefungwa. Kwako kulikuwa wazi."

Alitaka kuomba, ulimi ukagoma. Akakimbia miguu peku hadi kwa Bernadeta, mtaa wa pili, akamkuta anafua.

"Mdogo wangu, nilidanganya," akanong'ona. "Sikuona kitu kwako. Sasa lipo kwangu. Niombee."

Bernadeta hakuacha kukamua nguo. "Mie ulinisema mbele za watu, dada. Mbona kweli unaileta uani? Kaisemee kulekule."

Jumapili ile Vaileth hakuthubutu. Wala iliyofuata. Kila akifikiria nyuso za waumini, alibaki ameketi, na jini likazidi kunenepa ndani ya nyumba. Mwezi ulikuwa umekatika aliposimama mbele ya kanisa.

"Nilisema uongo," alisema, akihangaika kama mtu aliyekabwa. "Bernadeta hana jini. Nilimwonea wivu."

"Si yeye huyo!" mtu akapiga kelele. "Jini ndilo linaongea!"

Mikono ikamwangusha. Ndipo alipoujua uzito wa mikono ile, makucha, magoti, mate ya wanaokemea yakimdondokea usoni, na kila alivyosema kweli ndivyo walivyozidi kumwamuru anyamaze, huku sikioni kitu kikicheka kwa sauti yake mwenyewe.

"Mwacheni!" Bernadeta alipenya, akapiga magoti, akamshika kichwa. "Aliyesema ni Vaileth mwenyewe. Anayecheka ndiye si yeye." Watu wakatazamana, wao hawakuwa wamesikia kicheko chochote. Bernadeta akainama sikioni. "Toka, kwa jina la Yesu."

Hakupaza sauti. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita juu ya vichwa vya watu, wakaziba pua, madirisha yakajipiga, kisha ikatoweka. Mchungaji Lusungu aliinamisha macho.

Nje, Vaileth alitaka kumwangukia miguuni. Bernadeta akamdaka mkono kabla hajafika chini.

"Nimekusamehe, dada."

"Naenda kwa Sebastian. Leo hii, nikamwambie mwenyewe."

"Juzi ndugu zake wamepeleka posa kwa binti wa Kimara," Bernadeta alisema, akikaza kitenge kiunoni. "Imepokelewa."