Kadi ya Kupaa

Ilikuwa Julai ya mwaka wa 1996, majira ya baridi, ambapo jua halikuonekana Ruiru hadi adhuhuri, na nguo zilizoanikwa mtaani Gitothua zilirudishwa ndani zikiwa bado mbichi. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Kalondu aliketi mezani na baba yake, Makau, aliyekuwa rubani. Baba alikuwa akijiandaa kwa mtihani.

Mbele yao palikuwa na katoni iliyochorwa kioo cha kielekezi, yaani chombo kinachomwonyesha rubani mahali pa kuielekeza pua ya ndege. Chombo hicho hufanya kazi katika hali mbalimbali. Ndege inapokimbia ili iruke, rubani hubonyeza kitufe, na neno "Kupaa" huwaka juu ya kioo. Ikishaiacha ardhi, hubonyeza kitufe kingine, na neno "Mwelekeo" huwaka, ili aongozwe kufuata upande uliochaguliwa. Rubani hulisoma neno hilo kwa sauti. Mwenzake hulitazama na kulithibitisha.

Pale mezani Kalondu ndiye aliyekuwa mwenzake Baba. Maneno yaliandikwa kwenye kadi, naye alizibadilisha juu ya katoni kila Baba alipobonyeza kitufe.

"Mara nyingine usiibadilishe," Baba alimwagiza. "Nikikosea, nikatalie papo hapo."

Lakini langoni rafiki yake Wamboi aliruka kamba na wenzake. "We Kalondu! Bado unapaisha meza? Kuja, ni zamu yako!" Wakacheka.

Basi Kalondu akawa anaiacha kadi ya "Kupaa" pale pale, kwa uvivu. Baba, akiwa amechoka, aligusa kitufe cha katoni na kutamka, "Mwelekeo," bila kuinua macho.

"Nimeona," Kalondu alijibu, macho yake yakiwa dirishani. Walimaliza upesi, akatoka mbio.

Siku ya mtihani Baba alirudi mapema. Aliketi na koti lake mwilini, chai ikapoa mbele yake.

"Baba Kalondu, imekuwaje?" Mama aliuliza.

"Nimeanguka mtihani. Katika chumba kile kinachoiga ndege, mtahini alikiharibu kitufe makusudi. Nilibonyeza, nikatamka 'Mwelekeo'. Mwenzangu alikuwa akizungumza kwenye redio. Kioo bado kilisema 'Kupaa', nasi tukaongozwa moja kwa moja hadi mlimani. Ingekuwa ndege ya kweli, ingekuwa na watu."

Alisimamishwa kurusha ndege. Angerudia mtihani mara moja tu. Akianguka tena, kazi ingekwisha. Redio haikuwashwa, na Mama alipakua chakula bila kumtazama mtu.

Kalondu aliisukuma sahani kando. "Baba," alisema huku akilia, "jioni zile sikuibadilisha kadi. Ulikosea, nami nikasema nimeona. Sikuwa nimetazama."

Baba hakumkemea, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Macho ni yangu, na kosa ni langu," alisema. "Lakini sikiliza. Kubonyeza kitufe ni kutaka tu. Neno linalowaka ndilo kweli. Anayesema 'nimeona' bila kutazama amesema uongo, hata neno likitokea kuwa sahihi. Jioni zile ninakudai."

Kalondu aliileta katoni mwenyewe. Wamboi alipoita, alijibu, "Siji leo!"

"Mwelekeo," Baba alitamka.

"Hapana, Baba. Ni 'Kupaa'."

"Mwelekeo."

"Hapana. Bado ni 'Kupaa'."

Manyunyu yaligonga mabati jioni baada ya jioni, naye akamkatalia bila huruma, mpaka Baba akazoea kuinua macho kabla ya kufungua kinywa.

Mwezi wa Agosti Baba alirudia mtihani, akafaulu. Alirudi jioni, baridi ikiwa kali vilevile, akasimama mlangoni na sare yake.

"Umenilipa," alimwambia Kalondu. "Sasa mimi nami nina deni. Michezo yako niliichukua."

Akatoka hadi langoni, akaishika ncha ya kamba.

"Haiya! Rubani anazungusha kamba!" Wamboi alipiga kelele.

"Kalondu, ruka," Baba alisema, akaizungusha mpaka giza likaingia.