Kiapo cha Samaki Weusi

Jua lilikuwa linazama nilipofunga mtumbwi wangu Garsen na kuanza kupandisha madebe ya maji ya bahari. Ndiyo, maji ya bahari. Mto Tana mzima unapita mbele ya nyumba ya Mahmud, lakini yeye alitaka maji ya chumvi kutoka Kipini, nami ndiye niliyeyasukuma kwa upondo, nikipita Kau, nikipita Ozi, mgongo ukiniuma, nikimcheka njia nzima.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Huyu Mahmud alikuwa boi wa Mzungu mmoja Malindi, Mzungu aliyefuga samaki sebuleni kama watu wafugavyo kuku. Mzungu alipokwenda kwao, Mahmud akabaki na tangi la vioo na ujanja wa kulitumia. Akaja kwetu, akajiita mganga. Ndani ya tangi aliweka matumbawe na samaki weusi tii, wadogo kama kidole gumba, kila ubavu una doa jeupe. Pembeni alikuwa na pampu ya baiskeli ya kuwapulizia hewa. Basi! Na watu wazima, ambao Jumapili huimba kanisani mpaka mishipa ya shingo inawasimama, walikuja kuwainamia samaki wasiojaza hata kikaango.

Kiapo chake kilikuwa hivi. Watu wawili wakishtakiana uchawi, kila mmoja anatema mate katika kopo lenye samaki wake. Samaki wanatiwa tangini. Atakayepigwa na kufukuzwa hadi pembeni, mapezi yakiwa vipandevipande, mwenye samaki huyo ndiye mchawi.

Jioni ile aliyeshtakiwa alikuwa dada yangu, Elsie.

Mumewe, Josiah, alikuwa amekufa ghafla shambani, akikohoa. Jairus, mdogo wa marehemu, akatangaza kwamba Elsie amemroga. Uchungu wa ndugu hakuwa nao yule. Alikuwa na uchu wa shamba la mpunga la ukingoni. Dada akishindwa, angefukuzwa Garsen usiku uleule, na shamba na nyumba vingekuwa vya Jairus.

Nilimkuta dada nje ya mlango wa Mahmud, amejifunga kanga ya msiba.

"Usiogope," nikamwambia. "Ni ulaghai mtupu huu."

"Niache nishindwe, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Niache niondoke."

Nilimdharau, sifichi. Dada yangu alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Nikamwita mjinga, nikaingia ndani na debe langu.

Taa ya karabai ilikuwa inavuma. Jairus alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa koti la marehemu kaka yake bila haya, na nyuma yake majirani wachache wametoa macho. Nikachungulia tangini. Chini ya jiwe kubwa palikuwa na samaki mmoja tayari.

"Huyu wa nani?"

"Wa Jairus," akajibu Mahmud. "Nimemtia tangu asubuhi, azoee."

Nikacheka kwa sauti. Nimevua Kipini ujana wangu wote, na hawa nawajua. Samaki huyu akitangulia, jiwe ni lake. Anayekuja baada yake atapigwa tu, hata awe mkubwa mara mbili. Huo ndio uliokuwa uganga wote wa Mahmud! Njia ya mwongo ni fupi, ila kwa watu wale ilikuwa barabara ya kwendea Mombasa.

"Shemeji, keti," akasema Jairus. "Kazi yako ni kubeba maji."

"Na yako ni kuiba."

Nikakunja mkono wa shati, nikautumbukiza tangini, nikayapindua mawe yote. Jiwe la huku nikalipeleka kule. Samaki akipotezewa jiwe lake hana kwake tena. Anakuwa mgeni kama mwenzake. Sasa wangepigana kwa haki.

"Usifanye hivyo," akasema Elsie mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nikanyakua mezani kopo la dada, ambalo alikwisha kulitemea mate, nikammimina samaki wake mimi mwenyewe.

Majirani wakasogea.

Samaki wa Jairus alimrukia mwenzake... akasita katikati ya maji. Wa dada hakukimbia. Hakupigana pia. Alikaa tu, akifungua mdomo na kuufunga.

Ko... ko... ko...

Sauti ilitoka kwenye kioo. Harufu ya matumbawe yaliyooza ikajaa chumbani, harufu ya pwani maji yakiwa yamekupwa. Mapezi ya samaki wa Jairus yakaanza kudondoka, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemgusa.

Ko... ko...

Jairus akakohoa.

Akashika koo. Akakohoa tena, akapiga magoti, na maji yakamtoka mdomoni, mengi, yakatapakaa sakafuni. Niliyakanyaga. Yalikuwa ya moto kama damu. Majirani walitoka wakikanyagana. Mahmud, mganga mkuu, alikuwa chini ya meza analia: "Mimi ni mwongo! Wallahi mimi nadanganya tu!"

Nikamgeukia dada.

Hakuwa akimtazama samaki. Alikuwa akimtazama Jairus, na midomo yake ilikuwa ikifunguka na kufungika.

Jairus alikata roho palepale. Waliomwosha walisema tumbo lake lilijaa maji ya chumvi. Mahmud aliondoka kabla ya mazishi na tangi akaliacha. Na kwa kuwa samaki wa Elsie ndiye aliyeshinda, Garsen nzima ikakubali kwamba mchawi alikuwa Jairus. Shamba likabaki la dada. Nyumba ikabaki yake. Nilipata nilichokitaka.

Usiku ule nilimsindikiza nyumbani. Akawasha moto.

"Nilikuambia uniache niondoke," akasema. "Sifanyi kwa kutaka. Mtu akinidharau tu, jambo linaanza lenyewe. Josiah alinidharau miaka mingi. Nilitaka kwenda mahali nisikojulikana na mtu."

Nikakaa karibu na mlango.

Akapakua wali, akaweka samaki wa mtoni juu yake, akanisogezea sahani.

"Na wewe, mdogo wangu... pale mlangoni uliniita nani?"

"Dada," nikasema. "Nilikuita dada."

Nikaanza kula. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, nikamshukuru, na aliponiuliza kama aniongeze, nikasema ndiyo.