Mtaimbo ni wa Watu Wawili

Okailey alikuwa stoo ya jimu anaupaka mafuta mtaimbo wa kunyanyulia uzito, kama alivyofanya tangu utotoni kila asubuhi alipokuwa nyumbani, maana upepo wa Teshie una chumvi na chuma hakipatani na chumvi. Alikuwa amefika katikati ya chuma, pale penye mikwaruzo ya kushikia, mara uani kukasikika mshindo uliolitikisa bati la paa.

BWAAA!

"Nani huyo?" Sauti ya Anti Korkoi, jirani yao, iliruka ukuta kabla vumbi halijatua. "Nani anapiga mizinga? Kelele zimepigwa marufuku mjini tangu jana! Hamkumsikia mpiga mbiu?"

"Samahani, Anti," sauti ya mwanaume ikajibu. "Ni dambeli."

"Dambeli ni mtoto wa nani?"

Okailey aliijua ile sauti. Alitoka na kitambaa cha mafuta mkononi, na hapo kwenye benchi akamwona Odartey amekaa, jasho linamtiririka, dambeli mbili nzito, vyuma vya kushika kimoja kila mkono, zimelala chini, moja kulia kwake na nyingine kushoto.

"Okailey."

"Odartey."

"Nilisikia unarudi baada ya sikukuu ya Homowo."

"Nimerudi kabla."

"Aha."

"Ndiyo."

Wakaangalia chini wote wawili, kana kwamba dambeli ndizo zilizokuwa na la kusema.

Aliyewaokoa ni Ataa Okine, baba yake Okailey na mwenye ile jimu, aliyetoka ndani na kijiti cha mswaki mdomoni.

"Wewe kijana wa Tema! Mwezi huu wa ukimya kabla ya sikukuu hakuna ngoma, hakuna muziki, hata waliofiwa wanasubiri. Wewe ndiye unayetaka wazee waje kuniuliza maswali?"

"Ataa, dambeli za uzito huu lazima uziachie. Ukizishusha polepole wakati umechoka, zinakung'oa bega."

"Basi usiziguse. Mtaimbo upo. Unasukuma, unaurudisha kwenye ndoano zake, hata mtoto aliyelala haamki."

"Mtaimbo unataka mtu wa kusimama nyuma ya kichwa, audake."

"Na huyu ni nani?" Ataa Okine akamwelekezea binti yake kijiti cha mswaki. "Amesomea michezo chuoni Winneba miaka yote hiyo ili aje kupaka mafuta?"

Akarudi ndani kumalizia meno yake.

*

Zamani mtaimbo wa pale ulikuwa ekseli ya lori bovu, na sahani zake zilikuwa saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi. Makopo hayakuwahi kulingana. Odartey alilala kwenye benchi, Okailey akasimama nyuma ya kichwa chake, mikono tayari, bila kugusa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Ataa Okine: usiguse mpaka mwenzako aite. Ukigusa, mnyanyuo haukuhesabiwa.

"Kushoto kunalala," Okailey alikuwa akimwambia kila siku.

"Kushoto kuna saruji nyingi."

"Kushoto kuna uvivu mwingi."

Walicheka mpaka chuma kikayumba. Jioni walikula kenke, madonge ya mahindi, na samaki wa kukaanga kutoka karatasi moja, na Odartey kila mara alimsukumia kichwa cha samaki, akidai hakipendi. Okailey alishamwona mara nyingi nyumbani kwao akivifyonza vichwa mpaka mfupa wa mwisho. Hakumwambia kwamba anajua.

Siku aliyokwenda chuo, Odartey alimbebea sanduku mpaka kituoni.

"Soma vizuri," alimwambia.

"Na wewe kula vizuri."

Hayo ndiyo waliyoambiana. Gari likaondoka.

Aliyechukua nafasi yake nyuma ya benchi alikuwa rafiki mmoja mpenda simu. Siku moja alikuwa anajibu ujumbe wakati Odartey anaita, na mtaimbo ukamlalia kifuani. Mbavu mbili. Odartey alipopona alikwenda kufanya kazi bandarini Tema, akajinunulia dambeli, na tangu hapo akawa anasukuma peke yake, mpaka asubuhi ile alipozileta uani kwa Ataa Okine.

*

Sasa, katika mwezi ule wa ukimya, walirudi kwenye benchi. Mashindano ya mkoa ya kusukuma mtaimbo kutoka kifuani yalikuwa wiki moja baada ya sikukuu, na aliyeshinda angeingia timu ya taifa.

Mizunguko miwili ya kwanza Okailey hakusema kitu. Wa tatu akashindwa kujizuia.

"Kushoto hakulali tena."

"Dambeli hizo," Odartey akasema, akiwa bado amelala. "Kila mkono unabeba mzigo wake. Hakuna mkono wa kumtegea mwenzake."

Okailey alihisi kitu kikimchoma, akajishangaa. Mtu anaoneaje wivu vyuma?

"Lakini kwenye mashindano hawatakupa dambeli," akasema.

"Najua."

"Na nguvu za mwisho huzipati huko. Nusu ya nguvu yako inaishia kuzipandisha kifuani na kuzizuia zisiyumbe. Mtaimbo unaweza kuuongezea sahani ndogo, kidogo kidogo, mpaka..."

"Eeh, mwalimu!"

"Nisamehe."

"Hapana, endelea. Nilikuwa nimesahau ukisema unakuwaje."

"Nakuwaje?"

"Sijui. Mimi sura yako naijua kichwa chini tu. Nikikuona umesimama kawaida nahisi kama nakutana na ndugu yako."

Okailey akacheka kwa sauti. Kutoka ng'ambo ya ukuta Anti Korkoi akakohoa kwa maonyo. Wakafunika midomo kama watoto kanisani.

Siku zikaenda hivyo. Walinong'ona, walibishana kwa kunong'ona, na kila wiki sahani moja ndogo iliongezwa kila upande. Chuma kilipanda kuliko kilivyowahi kupanda Tema. Odartey alianza kuja mapema na uji wa koko kwenye mfuko na koose mbili za moto, bajia za kunde. Baadaye zikawa nne.

Tatizo lilikuwa kwenye simu ya Okailey.

*"Habari za asubuhi, Okailey. Wajomba wamekubali. Ukimya ukiisha tu, Jumamosi inayofuata tunakuja kwa baba yako kubisha hodi ya posa. Chupa za kinywaji nimeshanunua. Bortei."*

Bortei alikuwa mfanyakazi wa benki, mtu mpole, waliyefahamiana naye Winneba. Alipomwambia anataka kumwoa, Okailey aliona haya, akajibu, "Nimekusikia." Bortei alitabasamu usiku kucha. Tangu siku hiyo Okailey alikuwa akitafuta namna ya kumweleza kwamba kusikia si kukubali, na kila alipoandika ujumbe aliufuta, huku wajomba wa Bortei wakiwa wameshampelekea mama yake habari.

Kwa Odartey hakusema lolote. Atasemaje? Mtu aliyekuwa anamletea koose hakuwahi kumwambia kwa nini anazileta.

*

Siku ya chuma kizito, Ataa Okine mwenyewe alitoka kuangalia. Odartey akalala, akavuta pumzi, akautoa mtaimbo kwenye ndoano. Ukashuka taratibu mpaka kifuani. Ukaanza kupanda.

"Twende," Okailey akanong'ona. "Twende, twende, usiache..."

Ukuta ukaongea.

"Okailey, mwanangu! Huyo mchumba wako wa benki anakula banku au kenke? Mama yako ameniomba nisaidie kupika siku ya kubisha hodi!"

Chuma kikasimama hewani. Macho ya Odartey yakamtazama Okailey kutoka chini, kisha mtaimbo ukaanza kurudi.

Okailey akaudaka.

Wakaurudisha kwenye ndoano. Odartey akakaa, mgongo akampa.

"Umegusa."

"Ungeumia tena."

"Sikukuita."

"Ulikuwa unashuka, Odartey! Nisubiri uvunjike ndiyo nishike?"

"Unaolewa?"

Okailey akamtazama baba yake, na baba yake akaanza kukagua skrubu za benchi kwa makini ya ajabu.

"Nimekuuliza."

"Wanakuja... wamesema wanakuja kubisha hodi."

"Baada ya sikukuu."

"Ndiyo."

"Mashindano baada ya sikukuu, wageni baada ya sikukuu." Odartey akajifuta uso kwa fulana. "Mtaimbo mbaya sana, Okailey. Unakuzoesha mtu. Nilishazoeshwa mara moja, nikalala chini ya chuma naita, na aliyekuja hakuwa wewe. Afadhali dambeli. Dambeli hazina mchumba."

"Odartey, ngoja nikueleze."

"Nieleze."

Alimsubiri. Alimsubiri kweli, amesimama na fulana mkononi. Okailey alikuwa na maneno yote, lakini yalijipanga kooni kama watu kwenye mlango mwembamba, kila mmoja anamsubiri mwenzake apite.

Odartey akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kujibiwa, akaenda kutafuta toroli la kupakia dambeli zake.

*

Okailey aliingia chumbani, akaketi kitandani. Toroli lilisikika likiburuzwa uani. Akapiga simu.

"Halo? Okailey! Leo umenipigia mwenyewe!" Bortei alifurahi.

"Kaka Bortei, usije."

"Jumamosi? Tusogeze mbele?"

"Usije kabisa. Nilipokwambia nimekusikia, nilikuwa nimekusikia tu. Niliona haya kukukatalia, na wewe ni mtu mwema, nikaona nitakuumiza. Sasa nimekuumiza zaidi. Nisamehe sana."

Bortei akashusha pumzi ndefu.

"Kuna mtu?"

"Kuna mtu."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Ah, Okailey." Sauti yake ilikuwa na uchungu, lakini pia ilikuwa na kicheko kidogo cha huruma. "Basi usimfanyie na yeye kama ulivyonifanyia mimi. Mwambie kitu mtu aweze kukielewa."

Alipotokea uani, benchi lilikuwa tupu. Baba yake alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa.

"Ametoka na lango la mbele," alisema bila kuulizwa. "Lile toroli langu gurudumu lake bovu. Hajafika mbali."

"Baba, kumbe ulijua?"

"Nilijua nini? Mimi najua vyuma." Akakuna kidevu. "Ila mwanaume haji kutoka Tema kila asubuhi, nauli ya kwenda na kurudi, kufuata benchi la mbao. Tema wana mabenchi. Kimbia, mama, mimi mguu unaniuma."

Okailey akakimbia. Alipita mlangoni kwa Anti Korkoi, akapita kwenye vibanda vya kuokea samaki, kitambaa cha kichwa kikamdondoka asikiokote. Akamwona mbele, mgongo ule mpana umeinama, toroli linakwenda upande kama kaa, kuelekea barabara ya magari.

Siku nyingine yoyote kelele za Teshie zingeifunika sauti yake. Kungekuwa na spika ya muuza dawa, kwaya inafanya mazoezi, redio kila kibanda. Mwezi ule mji mzima ulikuwa umenyamaza, na kila aliyekuwa akichagua samaki, akisuka nywele au akinyoa ndevu aliinua kichwa alipomsikia binti wa Ataa Okine, yule asiyesalimia watu mpaka asukumwe na mama yake, akipaza sauti katikati ya barabara:

"Odartey! Simama! Nimempigia, nimemwambia asije! Sitaki kuolewa na mtu wa benki, nataka kuolewa na wewe! Nimekupenda tangu tulipokuwa tunakula kwenye karatasi moja, nikaenda chuo sikukwambia, nikarudi sikukwambia, na leo ukaniuliza nikakaa kimya! Nakupenda, Odartey! Umenisikia? Nakupenda!"

Odartey akaliachia toroli, akageuka, akaanza kurudi kwake.