Kisu Kisichokata Stika

Jua lilikuwa linaaga Bi Stika alipotoka karakana yake kwenda kwa kinyozi wa jirani kudai waya wake wa kurefusha umeme. Alimwazima asubuhi, na kinyozi yule, kitu ukimwazima anakizoea kama mtoto wa kulea.

"Mashine yenyewe ya kukatia stika imekuja?" kinyozi aliuliza huku akikunja waya taratibu, kama anayeagana nao.

"Imekuja, na leo lazima ikate. Kesho zahanati inafunguliwa, na mlango wao wa kioo hauna hata neno moja."

"Mumeo alikuwa hapa mchana. Nimemnyoa kipara." Kinyozi akashusha sauti. "Ila siku hizi ana mambo. Nikimaliza tu, anainama anaokota nywele zake sakafuni, zote, anazitia kwenye mfuko anaondoka nazo."

"Anazipeleka wapi?"

"Mimi kazi yangu ni ya juu ya kichwa, Bi Stika. Ya ndani ya kichwa siyaulizi."

Bi Stika alicheka, akachukua waya wake akaenda zake. Mtu akiwa na haraka, neno la maana humpitia sikioni kama upepo.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ambayo mama mkwe wake aliwaachia watu watatu: mume wa Bi Stika, wifi yake na yeye mwenyewe. Mume alitaka iuzwe. Wanawake wale wawili walikataa katakata, na hilo ndilo jambo pekee walilowahi kuafikiana. Kwa mengine yote salamu zao zilikuwa za midomo tu. Hata hivyo, karakana ilipovuja wiki ile, boksi la mashine lililazwa chumbani kwa wifi. Mchawi mpe mwana akulelee, Bi Stika alijisemea siku hiyo, na akajiona mjanja.

Sasa boksi lilikuwa limerudi karakana, akaliinamia akiwa na mkasi mkononi, akasita.

Selotepu zilikuwa mbili. Ya chini ya kahawia, imekatwa katikati. Ya juu nyeupe, mpya, imenyooshwa kwa kidole ili isionekane. Lakini mtu aliyekula miaka yake kwa kubandika na kubandua hadanganywi na gundi.

Mtu alilifungua boksi hili.

Hakuhitaji kuwaza mbali. Aliutazama ukuta uliotenganisha karakana na chumba cha wifi, akasonya polepole. Kisha akaanza kazi, kwa sababu mlango wa zahanati haukuwa na habari na ugomvi wao.

Aliisimamisha mashine kwenye miguu yake, akaingiza rola ya stika nyeusi, akabana magurudumu pande mbili, akachomeka waya. Kompyuta iliikubali mara moja. Mashine zote huanza kwa jaribio: kisu kinakata umbo dogo, duara ndani ya mraba, ili fundi ajue kama nguvu inatosha. Maana kisu kinatakiwa kipasue stika ya juu na kisiiguse karatasi ya chini. Mkato mzuri hauonekani kwa macho hata kidogo. Mpaka uchukue kibano, uinue kona, ndipo ujue.

Alibonyeza. Mashine ikaimba kidogo... kisu kikashuka, kikazunguka, kikapanda.

Aliinua kona kwa kibano. Stika ikagoma, nzima kama ilivyotoka kiwandani.

Aliongeza nguvu, kama afanyavyo fundi yeyote. Akajaribu tena.

Nzima.

Alikitoa kisu, akakipitisha juu ya gazeti kwa mkono. Gazeti likaachana vipande viwili bila sauti. Kwa hiyo kisu hakikuwa na kosa. Akakirudisha, akakishusha kidogo zaidi, akaongeza nguvu tena.

Kisu kikashuka. Na nyuma ya ukuta, kwa wifi, akasikia...

"Sss..."

Kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Bi Stika akatega sikio, lakini kukawa kimya. Ndipo alipoisikia harufu, hafifu, ikitoka karibu na kisu: mafuta ya kichwa, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua.

Nywele za kuungua, kwenye mashine isiyo na moto.

"Unafanya nini huko, wifi?" alinong'ona peke yake. Hasira ilikuwa imempanda. Yule mwanamke alikuwa ameketi ng'ambo ya ukuta anaiharibu kazi yake kwa mdomo wake wa kunuia mabaya, na yeye hakukubali kushindwa. Alilileta neno la zahanati kwenye kioo cha kompyuta: VUTA. Akapandisha nguvu karibu na mwisho. Akabonyeza.

V... na ukuta ukazizima.

U... "Sss..."

T.

A. Safari hii kilikuwa kilio kilichozibwa kwa nguo.

Mashine ikanyamaza. Ukuta nao ukanyamaza. Kisha mlango wa ndani ukafunguka polepole, wifi akasimama pale, amejifunika mtandio mabega mawili ingawa joto la jioni ile lilikuwa la kuvua.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Izime."

"Niizime kwa nini?"

Wifi aliufunua mtandio, akaunyoosha mkono wa kushoto chini ya taa.

Karibu na bega palikuwa na duara ndani ya mraba, jembamba kama mkwaruzo wa paka. Chini yake jingine, jekundu zaidi. Chini yake la tatu. Na kutoka kwenye kiwiko kushuka, herufi nne zilizonyooka kabisa, zikitoa damu.

VUTA.

Bi Stika aliogopa, lakini shaka yake ilikuwa ya zamani kuliko woga wake. Wembe unauzwa kila duka. Neno la zahanati alilitamka mchana, kwa sauti, akiongea na simu.

"Umejichora mwenyewe," alisema.

"Basi weka kitu nisichokijua." wifi alisema. "Ila nguvu ya chini, wifi yangu. Nakuomba."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita wifi yangu. Bi Stika akageuza kompyuta asiweze kuiona, akachagua nyota, ndogo kama punje ya mahindi, akashusha nguvu hadi chini kabisa. Wifi akaulaza mkono juu ya meza. Wote wawili waliutazama.

Kisu kikashuka.

Ngozi ikafunguka yenyewe.

Mstari wa kwanza, wa pili... Bi Stika akaruka, akang'oa waya ukutani, na nyota ikabaki haijafungwa upande mmoja. Alichukua bisibisi akakifungua kishikio cha kisu. Ndani, pale ambapo kuna chuma kitupu katika kila mashine aliyowahi kuifungua, palikuwa pamezungushwa nywele, zikafungwa kwa uzi mweusi.

Za juu zilikuwa ndefu, zimelowa mafuta, nyingine zimeungua ncha. Za wifi.

"Wewe ndiye uliyeazima kitana changu juzi," wifi alinong'ona, akirudi nyuma hatua.

"Na wewe ndiye uliyekaa na boksi."

Walitazamana. Bi Stika akazifumua zile nywele kwa kibano. Chini ya zile za wifi palikuwa na nyingine, fupi, zenye wekundu wa hina. Hakuhitaji kioo kujua ni za nani. Zilikuwa zimezungushwa ndani zaidi, zikingoja za juu ziishe.

"Mimi nililipokea likiwa limeshafunguliwa," wifi alisema. "Nikadhani ni wewe. Aliyelibeba kutoka kwenye ofisi ya mizigo..."

Hakumalizia. Nyayo zilisikika uani, zikaja, zikasimama nje ya mlango.

"Imekubali kukata?"

Alikuwa mume. Tangu amwoe, hakuwahi hata siku moja kuuliza habari za kazi ya mkewe.

"Bado," Bi Stika alijibu. "Inagoma."

"Mteja kanipigia, anauliza. Ongeza nguvu, mama."

Huo ndio ushauri wa kila mtu asiyejua mashine. Huenda lilikuwa neno tu. Bi Stika akamwashiria wifi ajifunike, akafungua mlango. Mumewe alisimama na kipara chake kinachong'aa, ananukia poda ya kinyozi. Na kwenye kola ya shati lake, mahali ambapo mtu hawezi kujiona, ulikuwepo unywele mmoja mfupi.

Alinyoosha vidole akautoa, kama mke yeyote anavyomsafisha mumewe.

"Nini hicho?"

"Uchafu."

Mume aliviangalia vidole vile vilivyofumbwa, akapapasa kola yake. "Nipe nikautupe."

"Nitautupa mwenyewe."

Akasimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Bi Stika aliubana unywele ule hadi kucha zikamwingia kiganjani. Alimpenda mwanamume yule. Ndiyo maana alitaka kujua, na ndiyo maana aliogopa kujua.

"Kama si yeye?" wifi alinong'ona.

"Mstari mmoja. Nguvu ya chini. Tukifunga sisi, uchawi humkata aliyeutega tu, asiye na hatia haumgusi. Kujua tu."

Wifi alishika taa, yeye akaufunga unywele wa mumewe kwenye kishikio kwa uzi, akachomeka waya. Ilikuwa kazi ya kwanza waliyowahi kuifanya pamoja. Kisu kikashuka, kikachora mstari mfupi juu ya stika nyeusi, kikapanda. Walizuia pumzi. Uani hapakusikika kitu, hata mlango, hata kikohozi.

Alichukua kibano. Kama stika ingebanduka, mumewe alikuwa mtu wa kawaida na yeye alikuwa amemtenda jambo baya la kumshuku. Kama isingebanduka...

Wifi akamshika mkono. "Usiinue."

Hakuinua. Alikifungua kishikio, akauchoma unywele ule pamoja na zile za kwanza, akaifunika mashine kwa shuka. Mlango wa zahanati aliuandika kwa rangi na brashi, kama zamani.

Asubuhi iliyofuata mume alitoka amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kwenye viganja, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Labda ndilo alilolikuta limepigwa pasi. Hakuuliza tena habari za mashine. Mkewe hakuuliza habari za shati.

Ile stika bado imo humo, chini ya shuka, haijainuliwa. Kibano anatembea nacho mfukoni.

Na leo, alipoamka na kunyoosha mkono kwenye kabati, kitana chake, chenye nywele zake za jana, hakikuwepo. Alitafuta chini ya kitanda, bafuni, karakana. Mwishowe alisimama katikati ya ukumbi, kichwa hakijachanwa, mlango wa chumba alichohamia mumewe upande huu na wa wifi yake upande ule, yote imefungwa, na hakujua aanze kubisha hodi mlango upi.