Bomba Upande wa Kushoto

Duka la vifaa vya ujenzi lilijaa siku hiyo hadi inzi walikuwa wakipanga foleni. Katikati ya msukumano huo, Msusi, ndani ya gauni la njano lililombana panapostahili kubanwa, alikuwa akishindana na bomba la sinki kwa mkono wa kushoto.

"Dada, hilo limetengenezwa kwa wanaotumia kulia," sauti nzito ikasema nyuma yake. "La kwako nitaligeuza."

Akageuka. Fundi makabati: vumbi la mbao kwenye nyusi, penseli sikioni, tabasamu la kumsahaulisha mtu alichofuata dukani.

"Tangu shule naambiwa nigeuze mkono. Leo wewe unataka kugeuza bomba?"

"Kwani bomba litalia?"

Msusi alivyocheka, mwenye duka alipagawa akampunguzia mteja bei. Halijatokea tena hadi leo.

Wiki haikuisha, Fundi alikuwa jikoni kwa Msusi, akichora kona ya vinywaji kwa penseli juu ya ukuta mtupu. Bomba kushoto. Birika la umeme kushoto. Chini, friji ndogo ya juisi. Mbele, stuli mbili.

"Na hiki kijisanduku?"

"Kidroo. Ukitoka saluni unatupa pini zako ovyo kama unapanda mtama. Ziweke humu, mpenzi. Kona kama hii haitakuwepo nyingine duniani."

"Stuli ya pili ya nani?"

"Ya atakayekuoa."

"Namjua?"

"Umemtilia sukari nyingi sasa hivi."

Kisha kazi zikamwandama Fundi. Ukuta ukabaki na mchoro, na mdomo wa bomba uliozibwa kwa kitambaa.

"Kesho, mpenzi," alisema kwenye simu.

"Kesho ipi, laazizi? Ile ya juzi?"

"Usinichome. Ya kwako nataka niifanye nikiwa nimetulia."

Msusi akasubiri, tena kwa maringo. Kila akipita jikoni aligusa ule mchoro wa penseli ukutani.

Jumamosi moja saluni, Mwalimu, mteja wake wa siku nyingi, alikaa chini ya kitana cha Msusi, kidole kimefungwa bandeji.

"Jiko jipya litaniua, shoga yangu. Kona ya chai, bomba kushoto, birika kushoto! Nimejiunguza. Fundi ananiambia eti ndiyo mtindo."

Mama mmoja akachomoa kichwa kwenye draya. "Na wewe? Ya kwangu hivyo hivyo! Mume wangu akimimina chai anajipinda kama anajikuna mgongo!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Kumbe nusu ya mtaa ilikuwa ikinywa chai kwa kushoto. Inasemekana hata paka walishaanza kulamba maziwa upande huo.

"Tena ina kidroo," Mwalimu akaendelea, "kidogo, hata kijiko hakiingii. Sijui cha nini."

Kitana kikasimama.

"Cha pini," Msusi akasema.

"Umejuaje?"

Alimaliza msuko kwa vidole vilivyopoa.

Jioni Fundi alikuja mwenyewe, shati jeupe limenyooshwa, pete mfukoni.

"Umeniuza kwenye nyumba ngapi?" Msusi akamuuliza mlangoni.

"Mpenzi, ni mbao tu. Mchoro ulikuwa tayari, nilikuwa na haraka..."

"Ungekuwa na mwanamke mwingine, ningemchukia yeye. Sasa nimchukie nani, makabati?"

"Wale wangeniacha wakatafuta fundi mwingine. Wewe nilijua utasubiri."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa, na aliliona neno lake likitua usoni pa Msusi. Akatoa pete haraka. "Nisamehe. Kesho naimaliza, naapa."

"Imalize. Ila bomba liwe kulia."

"Lakini wewe unatumia..."

"Kulia, Fundi."

Si mpenzi, si laazizi. Fundi.

Safari hii kesho ilifika kweli. Fundi alifuta mchoro wake wa penseli ukutani kwa msasa, akafunga bomba kulia. Kidroo hakikutakiwa. Stuli ilitakiwa moja.

Alipomaliza, Msusi alimimina chai kwa mkono wa kulia, vibaya, nusu ikaingia kwenye kisahani. Akamsogezea.

"Karibu, mgeni."

Fundi akanywa hadi tone la mwisho. Msusi alipogeuka, Fundi alitaka kuiacha pete mahali ambapo angeikuta, na mkono wake ukaenda wenyewe pale alipokuwa amechora kidroo. Ukakuta ubao mtupu, laini, alioupiga randa mwenyewe.

Akairudisha mfukoni. Nyuma yake, Msusi alikuwa akiosha kikombe kwa kushoto.