Chunusi ya Jumapili

Walikutana kwenye kichochoro cha maduka ya vifungo na zipu, siku ambayo watu walikuwa wakipishana kwa mabega. Yeye, fundi cherehani, alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, macho yakiwa juu kwenye majora ya vitambaa. Mara chini ya kiatu chake kitu kikalia kra!

"Dada, umekanyaga macho ya watu!"

Kijana mrefu alikuwa amechuchumaa akiokota miwani iliyomponyoka. Alikuwa fundi miwani, na ile ilikuwa ya mteja.

"Na wewe macho ya watu unayatandaza njiani?"

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Kufidia ile hasara akaomba ashonewe aproni yenye mifuko sita. Alipokuja kuichukua hakuwa na haraka ya kuondoka, naye hakumfukuza. Tangu hapo kijana akamwita Sindano, na yeye akaitwa Miwani.

"Umekula, Sindano wangu?" alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nimekula maneno yako ya asubuhi, bado nimeshiba."

Miezi saba ikapita hivyo. Kisha mama yake Miwani akaletwa kutoka mbali kufanyiwa upasuaji wa moyo.

"Anaingia Jumatatu asubuhi," Miwani alisema. "Jumapili saa kumi nikupeleke. Kila siku ananiuliza, huyo mwenzio nitamwona lini?"

"Nitakuja, mpenzi. Hata kwa kutambaa."

Ijumaa, Sindano akaota chunusi kidevuni. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akamwonya, "Usiiguse. Ikande kwa kitambaa cha maji ya moto, itakwisha yenyewe." Lakini Jumamosi, dada alipotoka tu, Sindano akasogea kwenye kioo na pini ya kushonea, akaitumbua na kuiminya mpaka machozi yakamtoka.

Jumapili aliamka kidevu kimeumuka upande mmoja, ngozi imevutika inang'aa, maumivu yanapwita hadi sikioni. Akapaka poda, ikawa donge jeupe. Akafuta, likawa donge jekundu. Alivaa, akavua, akavaa tena.

"Twende nikusindikize," dada akasema. "Ni chunusi, si ukoma."

"Mkwe anakuona mara ya kwanza mara moja tu! Atanikumbuka hivi maisha yake yote."

Saa tisa akapiga simu.

"Mpenzi, nimebanwa. Kuna gauni la bibi harusi, wanalitaka leo leo."

"Hata nusu saa?"

"Hata nusu saa. Akishatoka salama nitakuja, nitakaa naye siku nzima."

"Haya. Kazi njema."

Alipotoka hospitali jioni ile, Miwani alipitia kwenye kibanda cha ushonaji cha Sindano ili angalau amwone. Akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani muuza vifungo akamwambia, "Leo hakufungua kabisa." Miwani hakupiga simu kuuliza. Aliondoka akiamini kwamba mwanamke yule hataki kuingia katika familia yake, ila anaona haya kusema.

Jumanne mama akafariki bila kuzinduka.

Sindano alikwenda msibani, kidevu bado kina kigaga. Alimkuta Miwani nyuma ya nyumba, kwenye ngazi, shati limekunjamana.

"Pole, mpenzi wangu."

"Nilipita kibandani kwako Jumapili."

Sindano akamweleza yote: chunusi, pini, uongo wa gauni. Miwani akamtazama kidevu muda mrefu.

"Kwa ajili ya hiki?"

"Nilitaka anione nimependeza."

"Mama alikuwa haoni tena, Sindano. Mwaka wa pili huo. Sikukwambia kwa sababu aliona aibu, mwanawe fundi miwani na yeye kipofu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alitaka akushike mkono tu. Nilimwambia unashona gauni la bibi harusi. Akasema, vizuri, asije akamkosesha mtu harusi yake."

Sindano alilia kilio ambacho waliokuwa ndani walidhani ni cha ndugu wa damu. Miwani hakumgusa. Aliinuka akaingia ndani.

Wiki tisa simu haikulia. Ilipolia, alikuwa kwenye cherehani.

"Nimejaribu kukuchukia," Miwani akasema. "Sikuweza. Na mimi nilikuficha jambo."

"Nisamehe."

"Mama ameacha wadogo zake watatu, wote waongeaji. Nataka wakujue, halafu tuoane. Utakuja?"

"Nitakuja."

Walioana mwaka ule ule, na mama wadogo wale watatu wakampenda kweli, wakamzungumzia marehemu dada yao kila walipokutana: alivyocheka, alivyotembea, alivyopenda kuimba akifua. Sindano alisikiliza yote na kuyashika. Lakini sauti yenyewe ya mama yule hakuwahi kuisikia, na hapakuwa na mtu wa kumwomba amsikilizishe.