Macho Yaliyofundisha Mtambo

Treni ya Mwanza kwenda Kigali ilipoondoka, vioo vya madirisha viligeuka kurasa. Abiria akisogea, ukurasa ulimfuata, mistari ikapanuka au ikajibana, kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kifaransa, na kila neno lililofika ukingoni likakatwa mahali pake. Siku za kukuta "shan-gazi" badala ya "sha-ngazi" zilikwisha. Kazi hiyo ilifanywa na mkatasilabi, mtambo uliosifiwa kuwa umejifunza lugha zote peke yake.

Haukujifunza peke yake. Nyamizi Shija alikuwa mmoja wa watu mia tatu walioufundisha. Kwa miaka kumi na moja alivaa utepe uliofuatilia mwendo wa macho, akasoma maneno yaliyokatwa vizuri na yaliyokatwa vibaya, elfu tisa kwa siku. Jicho lake likikwama, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mtambo ulijua umekosea.

Jumatatu moja msimamizi wake, Bwana Kamugisha, alimwita.

"Dada Nyamizi, macho yako hayakwami tena. Tumekuwekea makosa matupu wiki nzima. Umeyapita yote."

"Nimechoka tu, bosi."

"Si uchovu. Kwako sasa neno zima na neno lililovunjika ni mamoja. Wenzako sita wamefikia hapo." Akainamisha kichwa. "Pole. Hatujui dawa yake."

Nyamizi alivua utepe, akarudi nyumbani saa tano asubuhi, akaketi jikoni. Mezani palikuwa na barua ya kaka yake Maduhu kutoka Maswa, imeandikwa kwa mkono. Tangu Ijumaa alikuwa amejaribu kuisoma mara tatu. Silabi zilipita moja moja mbele yake, ma, ma, ha, o, ni, wala hazikushikana. Alidhani ni usingizi. Sasa aliichukua, akabisha hodi kwa jirani.

"Mama Ngeleja, nisomee hii."

"Wewe unayesoma kutwa kucha?"

"Nisomee tu, jirani."

Mama Ngeleja akavaa miwani. "Anasema, 'Mama haoni tena vizuri. Vitabu vyake vimekaa tu. Kila siku anauliza utakuja lini umsomee.'"

Nyamizi aliichukua barua, akaikunja.

"Nikuandikie jibu?" aliuliza jirani, ambaye sasa alikuwa ameelewa.

"Andika nakuja Alhamisi. Kwamba siwezi tena kusoma, usitaje. Hiyo nitamwambia mama mimi mwenyewe."